Kumbukumbu ya mradi: anwani moja rasmi kwa kila njia ya daladala

Katika kipindi hiki tovuti yangu ya njia za daladala za Dar es Salaam haikuongezewa njia mpya hata moja. Kazi yote imeelekea kwenye jambo ambalo abiria hataliona, nalo ni kuamua, kwa kila ukurasa, ni anwani ipi itakayokuwa rasmi mbele ya injini za utafutaji, kisha kuhakikisha kwamba sehemu zote za tovuti zinakubaliana na uamuzi huo.

Ukubwa wa kazi unaonekana kwa hesabu fupi. Ukurasa wa njia ya Gongo la Mboto hadi Simu 2000 ulikuwa unafunguka kwa http na kwa https, ukiwa na www na bila www, ukiwa na mkwaju (alama ya /) mwishoni mwa anwani na bila mkwaju. Hizo ni anwani nane za maandishi yaleyale kabla sijagusa kitu kingine chochote. Orodha ya njia nayo inaweza kupangwa kwa nauli au kwa jina, na kila mpangilio huongeza kigezo, yaani maelezo ya ziada yanayofuata alama ya kuuliza mwishoni mwa anwani. Mtu akiufikia ukurasa kupitia Facebook, anwani hubandikwa kigezo cha fbclid chenye mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao hubadilika kila mara, kwa hiyo idadi ya anwani haina kikomo. Abiria aliyesimama kituoni anaona ukurasa mmoja tu, lakini roboti ya utafutaji, yaani programu ya injini inayozisoma kurasa, huihesabu anwani inayotofautiana hata kwa herufi moja kuwa ukurasa mwingine mpaka ipate sababu ya kuamini vinginevyo.

Kuna hofu iliyoenea miongoni mwa watengenezaji wa tovuti kwamba Google huadhibu tovuti yenye kurasa zinazofanana. Google yenyewe imekwisha kueleza kwamba kufanana kwa kurasa si kosa la kuadhibiwa, isipokuwa pale inapoonekana kuwa mtu ameziiga kwa nia ya kudanganya. Inachofanya ni kuziweka nakala hizo katika kundi moja, kuchagua mojawapo iwe mwakilishi wa kundi, na kuionyesha hiyo katika matokeo. Mashaka yangu yapo kwenye huo uchaguzi. Ukiachwa bila mwongozo, anwani inayotokea kwenye matokeo inaweza kuwa ile yenye mkia wa vigezo, na viungo ambavyo watu wameweka kwenye kurasa zao huenda visihesabiwe vyote kwa ukurasa ninaoutaka.

Suluhisho linalojulikana zaidi ni kiungo kinachoandikwa kwenye sehemu ya kichwa cha HTML kwa sifa ya rel="canonical", kikitaja anwani ambayo mwenye tovuti anaitambua kuwa rasmi. Google, Yahoo na Microsoft walikitangaza kwa pamoja mwezi Februari 2009. Mwishoni mwa mwaka huohuo Google ilikubali kiungo hicho kivuke kutoka kikoa kimoja, yaani jina la tovuti, hadi kingine, na mwaka 2012 kikaandikwa rasmi katika RFC 6596, mojawapo ya hati za kiufundi za intaneti. Injini ya utafutaji hailazimiki kukitii. Kwa Google ni ishara mojawapo inayopimwa pamoja na nyingine: uelekezaji wa kudumu kutoka seva, anwani zilizomo kwenye ramani ya tovuti (faili inayoziorodheshea injini kurasa), viungo vya ndani vinaelekea wapi, na kama anwani ni ya https. Ishara hizo zikipingana, injini huamua yenyewe. Kwa sababu hiyo sikuanza na kiungo hicho, bali nilianza na seva.

Kwenye seva nimeweka uelekezaji wa namba 301, yaani wa kudumu, kwa kila tofauti ambayo haina faida yoyote kwa msomaji. Anwani ya http inakwenda https, yenye www inakwenda isiyo na www, na yenye mkwaju wa mwisho inakwenda isiyo nao. Nilichunga pia kwamba uelekezaji ufanyike kwa hatua moja, kwa maana seva nyingi zikiachiwa mipangilio ya kawaida humpeleka mtu kwanza https, kisha zikamwondolea www, kisha mkwaju, na mwenye simu iliyo kwenye mtandao dhaifu huko Chanika akasubiri safari tatu badala ya moja. Namba 302 sikuitumia, kwa kuwa hiyo hutoa habari ya uhamisho wa muda, na uamuzi huu si wa muda.

Kiungo cha anwani rasmi kilifuata baada ya hapo. Kiolezo cha kurasa, yaani muundo mmoja unaozalisha kurasa zote, hakichukui anwani iliyoombwa na kivinjari, bali huchukua ile iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata kwa ajili ya njia husika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo roho ya kazi yote. Kiolezo kinachonakili anwani iliyoombwa huifanya kila anwani, hata yenye fbclid, ijitangaze kuwa rasmi, na hapo kiungo hicho hakina kazi tena. Anwani imeandikwa kamili kuanzia https, kwa sababu anwani ya kukatwa inaweza kusomeka vibaya, na kiungo kimewekwa kimoja tu kwa kila ukurasa. Vikiwa viwili vinavyotofautiana, Google huweza kuvipuuza vyote, na kikiangukia kwenye mwili wa ukurasa badala ya kichwa, hakizingatiwi.

Ndugu mmoja anayetengeneza tovuti pale Sinza aliniuliza kwa nini nisizifungie anwani zote zenye vigezo kwa faili ya robots.txt, inayoziambia roboti zisifungue kurasa zipi, nikapumzika. Nilimjibu kwamba roboti iliyozuiwa kuufungua ukurasa haiwezi kukisoma kiungo cha anwani rasmi kilichomo ndani yake, hivyo nakala hubaki bila kuunganishwa na ukurasa mkuu, na anwani yake bado inaweza kutokea kwenye matokeo kama kuna watu walioiunganisha. Yeye ana tovuti kubwa ya matangazo ya nyumba, na kwake suala la roboti kuichosha seva lina uzito. Tovuti yangu ni ndogo, kwa hiyo sikuona haja ya kujisumbua nalo.

Mpaka hapo kazi ilikuwa ya ufundi tu. Ugumu ulianza pale nilipolazimika kuamua ni kurasa zipi ni nakala kweli, kwa sababu swali hilo halijibiwi na seva, linajibiwa na jiji lenyewe.

Chukua safari ya kwenda na ya kurudi. Hifadhidata ilikuwa na ukurasa wa Tegeta hadi Kariakoo na mwingine wa Kariakoo hadi Tegeta, kila mmoja ukiwa na vituo vilevile kwa mpangilio uliogeuzwa. Sikutaka kuufuta wa kurudi wala kuuelekeza kwa 301, kwa sababu abiria anayetoka mjini jioni anafaidika kuona vituo kwa mfuatano wa safari yake. Hapa kiungo cha rel="canonical" kinafaa zaidi kuliko uelekezaji, maana kurasa zote mbili hubaki wazi kwa watu huku injini ikiombwa kuuhesabu mmoja. Kanuni niliyoiweka ni kwamba upande rasmi ni ule unaotoka pembezoni kuingia mjini, na ukurasa huo umeandikwa majina ya pande zote mbili kwenye kichwa chake ili anayetafuta kwa mpangilio wowote aufikie. Hata hivyo, kuna njia ambazo zikifika katikati ya jiji hupita mtaa mmoja wakati wa kuingia na mtaa mwingine wakati wa kutoka, na hivyo vituo vinatofautiana. Kurasa hizo si nakala. Kila mmoja umebaki na anwani yake rasmi, na nimekubali kwamba orodha itaonekana haina mpangilio mmoja.

Stendi ya Simu 2000 ilikuwa rahisi. Wengine huiita Mawasiliano, na michango ya wasomaji ilikuwa imezaa kurasa mbili za mahali pamoja. Nimeziunganisha, majina yote mawili yanasomeka ndani ya ukurasa uliobaki, na anwani ya pili inaelekezwa kwa 301. Hivyo hivyo kwa Gongo la Mboto, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa kuunganisha, kwa kutenganisha na kwa kifupisho cha G/Mboto kama inavyosomeka kwenye vibao vya mabasi.

Mbezi ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, na Mbezi Luis iko kwenye Barabara ya Morogoro, pale ilipo stendi kuu ya mabasi ya Magufuli. Ni mahali pawili, tena mbalimbali, na konda yeyote anajua kutaja Mbezi ipi anakokwenda. Kurasa zake hata hivyo zilikuwa zimetokana na kiolezo kimoja chenye sentensi zilezile na tofauti ya neno moja moja, na katika Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, moja ya kurasa hizo ilionyesha kwamba Google imechagua anwani rasmi isiyo ile niliyoitaja. Kifaa cha kukagua anwani kwenye huduma hiyo huonyesha vitu viwili kwa pamoja, yaani anwani iliyotajwa na mwenye tovuti na ile ambayo Google imeichagua, na ninaona ndicho chombo chenye manufaa zaidi katika kazi hii. Kuongeza ishara kungekuwa kupoteza muda, kwa sababu kiungo cha anwani rasmi hakiwezi kuzifanya kurasa zinazofanana zionekane tofauti. Nimeandika upya maelezo ya kila Mbezi, nikataja barabara zinazokutana pale, njia zinazoanzia na zinazopita tu, na mahali abiria anaposhukia ili abadilishe gari.

Kurasa za orodha hazikuchukua muda mrefu. Ukurasa wa pili na wa tatu wa orodha ya njia kila mmoja unajitaja wenyewe kuwa rasmi, kwa kuwa kuuelekeza wa pili kwenye wa kwanza ni kuwaambia roboti kwamba njia zilizomo humo hazina haja ya kusomwa. Mchujo wa wilaya nao nimeutoa kwenye vigezo, na sasa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina ukurasa wenye anwani ya kudumu. Mpangilio wa nauli au jina, ambao hubadilisha tu safu ipi itangulie, unarudishwa kwenye anwani isiyo na kigezo.

Tafsiri za Kiingereza nilizoziandaa kwa wageni zinahitaji uangalifu wa namna yake. Ukurasa wa Kiingereza si nakala ya ule wa Kiswahili, na ukitaja anwani ya Kiswahili kuwa rasmi unajiondoa wenyewe kwenye matokeo. Kila lugha inajitaja yenyewe, kisha sifa ya hreflang, inayotaja lugha ya ukurasa, yenye sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza, inaziunganisha kurasa hizo pande zote mbili. Kwa ramani za PDF, ambazo hazina HTML ya kuandikiwa kiungo, seva inatuma kiungo hichohicho ndani ya vichwa vya HTTP, yaani maelezo yanayotangulia faili, na Google hukisoma. Mwisho niliisafisha ramani ya tovuti ili ibaki na anwani rasmi pekee, na nikabadilisha viungo vya ndani vilivyokuwa bado vinapita kwenye anwani za zamani.

Kilichobaki ni njia zilizoondolewa kwenye Barabara ya Morogoro baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016. Kurasa zake si nakala za ukurasa wa mwendokasi, na kuzielekeza zote huko kwa mkupuo kunaweza kuifanya Google izihesabu kuwa kurasa zisizopatikana. Zile zenye historia inayostahili kusomwa nitaziacha na anwani zao, zikiwa na tangazo juu kabisa kwamba njia haifanyi kazi tena, na zile zisizo na chochote zaidi ya orodha ya vituo seva itazijibu kwa namba 410, yaani ukurasa umeondolewa kabisa. Ninaanza na zile zilizokuwa zikitoka Kimara, kwa sababu ndizo ambazo wasomaji wazee wamenitumia maelezo mengi zaidi.