Farasi wawili, kilima kimoja na magunia ya maranda

Haipiti wiki bila mtu kusimama kwenye uzio wetu wa milunda na kuuliza: hawa wanakimbia lini? Akiwa dereva wa lori la mbao, anauliza kwa kupaza sauti bila hata kuzima injini. Akiwa mtu wa hapa kijijini, kwanza tutapeana kamwene, salamu ya huku kwetu, tuulizane habari za wajukuu na mahindi, ndipo lije swali. Jibu langu halijabadilika: bado.

Nina farasi vijana wawili. Baridi ni jike, alizaliwa mwezi wa saba, asubuhi umande ukiwa umeganda kwenye majani, na sasa anaelekea miaka mitatu. Mgolole ni dume, mweusi, mwaka mmoja na ushee, mkorofi. Mama yao ana damu ya mbio. Mwajiri wangu wa zamani aliniachia alipouza shamba, maana hakuna aliyekuwa tayari kumlipia usafiri bibi kama yule. Baba yao ni dume wa shamba jingine, huku huku nyanda za juu. Karatasi za ukoo hawana, kwa hiyo mashindano rasmi ya Ngong kule Nairobi si ya kwao. Nitakaowauzia ni mashamba yanayopokea wageni wanaopenda kupanda farasi. Ila mimi kazi hii niliijulia Nairobi, kwenye mabanda ya farasi wa mbio, nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, na sijui namna nyingine ya kumlea kijana mwenye damu ile.

Kule chakula kilikuja kwenye mifuko, kimeshapigiwa hesabu na watu wenye elimu yao. Kulikuwa na njia ya kufanyia mazoezi, na daktari ukimpigia simu anafika. Hapa nje kidogo ya Mafinga nina ekari chache za nyasi, banda la mabanzi, mpwa wangu mmoja, na kilima. Ukiniuliza hela kidogo ninayopata inakwenda wapi, nitakuambia inakwenda tumboni mwao. Matandiko yatasubiri.

Farasi si ng'ombe. Hacheui, na hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia kimeingia, kikileta shida kinaleta msokoto wa tumbo ambao unaweza kumuua usiku mmoja. Kwa hiyo kiasi lazima ukijue. Mizani ya kumpimia mnyama mkubwa sina, nina futi ya fundi cherehani. Futi yenyewe inaishia sentimita 150 na kifua cha Baridi kinapita hapo, ikabidi mke wangu aunganishe mbili kwa uzi. Unapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu wa kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha unagawa kwa 11,880. Ukipima kwa sentimita, jibu linakuja kwa kilo. Mara ya mwisho mzunguko ulikuwa 168 na urefu 150, ikatoka kilo 356. Asilimia 2 ya hapo ni kama kilo 7 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa iwe nyasi. Navuna nyasi za Rhodes mwenyewe mvua zinapokatika, nakausha, nafunga marobota kwa mkono kwenye fremu ya mbao. Juu yake naongeza mashudu kidogo ya alizeti na pumba za ngano.

Hapo kwenye pumba ndipo wengi wanapomharibia farasi mwili huku wakiona wanamlisha vizuri. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Akizila kila siku bila kingine, mwili wake unakwenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya na mifupa ya uso inavimba, inakuwa laini, na mnyama anaanza kuchechemea bila jeraha lolote unaloliona. Nyasi za kikuyu, ambazo huku zinatambaa zenyewe hadi uani, zinazidisha tatizo kwa sababu zina oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu isifyonzwe tumboni. Ng'ombe wa maziwa anazimudu vizuri tu. Dawa yake ipo kwenye duka lolote la chakula cha kuku: chokaa ya mifugo. Muuzaji wangu kila mara hunisukumia DCP, unga mwingine wa madini, maana ndiyo anayowauzia wenye ng'ombe, na kila mara namrudishia. DCP nayo imebeba fosforasi. Mimi nataka chokaa tupu.

Nikiwa dukani hapo hapo nakagua ndoo. Vyakula vingi vya kuku vinachanganywa dawa za kuzuia vimelea vya koksidia, na mojawapo, monensini, kuku inamsaidia lakini farasi inamuua kwa kuharibu moyo, hata kwa kiasi kidogo. Ndoo na koleo la kuku haviingii banda la farasi. Mpwa wangu aliona ni ushirikina hadi nilipomsomea maandishi kwenye mfuko.

Halafu kuna mahindi. Huku kwetu magunzi yaliyoota ukungu watu hawayatupi, wanampa nguruwe. Jirani aliniletea kiroba kizima kwa moyo mweupe, mahindi ya rangi ya waridi kwenye ncha. Nilimshukuru, nikayapeleka shimoni usiku. Ukungu ule hutoa sumu inayoitwa fumonisini, na kwa farasi sumu hiyo inayeyusha ubongo. Mnyama anapepesuka, anakuwa kipofu, anaegemeza kichwa ukutani, anakufa, na hakuna sindano ya kumrudisha. Na kwa kuwa sumu hukaa zaidi kwenye ganda la punje, pumba za mahindi nimeziacha kabisa. Parachichi nalo, ambalo siku hizi kila mtu kuanzia hapa hadi Njombe amelipanda, ni sumu kwa farasi: majani, magome, hata tunda. Upande wa jirani niliweka uzio wa pili, hatua tatu kutoka ule wa kwanza, kwa sababu shingo ya Mgolole ni ndefu kuliko adabu yake.

Vifaa sitavisemea sana. Mkanda wa kufunga kifuani tulishona kwa mikanda ya siti za basi lililokufa. Hatamu ndefu za kumfundishia ukitembea nyuma yake ni kamba za pamba, maana za katani zinachuna mikono. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, ni moja tu, nilikuja nayo kutoka Nairobi, na nitazikwa nayo. Matandazo ni maranda, na hapa Mafinga ungeuliza nini tena? Viwanda vya mbao vimejaa, unakwenda na magunia yako unajaza. Sharti ni moja, usichukue panapochongwa nguzo zilizokwisha kutiwa dawa, na upitishe sumaku ya spika kuukuu kutafuta misumari.

Mazoezi yenyewe ni kutembea. Miezi na miezi ya kutembea. Mgolole bado yuko hapo: anashikwa kamba, anafuata, anasimama, anainua mguu akiguswa, anapishana na pikipiki, na akina mama wenye miavuli, na baiskeli zilizofungwa madumu ya ulanzi yanayogongana. Madumu ndiyo adui yake mkubwa. Mwenye baiskeli mmoja tumemzoea, anashuka mwenyewe, anasimama, anamwachia mtoto anuse. Ananidai bia.

Baridi amekwisha kupita huko. Yeye anaingia msituni, kwenye zile njia pana zinazoachwa kati ya vitalu vya misonobari. Chini kuna sindano za misonobari zilizorundikana miaka mingi, kwato inazama kidogo na kurudi. Nairobi kuna watu wangelipa kwa ajili ya njia ya namna ile. Kilima napanda naye kwa mwendo wa telki, nateremka naye taratibu, kwa sababu kupanda kunajenga mapaja na mapafu bila kuigonga miguu ya mbele, na kuteremka kwa kasi kunafanya kinyume. Tukifika juu natia vidole chini ya taya, kwenye ule mshipa unaopita juu ya mfupa, na natazama saa. Akiwa ametulia bandani moyo wake unapiga kama 40 kwa dakika. Baada ya kilima nampa dakika kumi za kutembea mkononi. Mapigo yakishuka chini ya 60, kesho tunaendelea. Yasiposhuka, kesho ni majani na jua.

Kumpanda ndiko kulikochukua subira. Tulianza na kiroba cha mchanga cha kilo 5 juu ya mkanda, kikaongezeka polepole. Halafu zamu ya mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na ana mwili wa fimbo. Hakukaa. Alilala kifudifudi, tumbo juu ya mgongo wa Baridi, miguu ikining'inia upande huu, mikono upande ule, nami nimeshika kamba kichwani. Ngozi ya begani ilicheza kama inafukuza nzi. Sikio moja likageuka nyuma, likabaki hapo. Nikaona misuli ya kiuno imekaza, mkia umebanwa.

"Mjomba, amekaza mgongo."

"Naona. Na wewe umekaza. Pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Imba basi."

Akaimba wimbo wa gwaride la shule, sauti ikitoka imebanwa na tumbo. Nikaendelea kumtazama Baridi mdomoni. Farasi aliyeogopa hutia mdomo kufuli. Ilichukua ubeti mzima kabla ya kuanza kutafuna hewa, akalamba midomo, akashusha shingo, na mguu mmoja wa nyuma ukalegea ukasimamia ncha ya kwato. Nikamwambia kijana ashuke pale pale, akiwa hajamaliza wimbo. Alinuna, alitaka tuendelee. Lakini kwangu somo la siku lilikuwa limeisha mnyama alipolegea, na nilitaka alale na hilo kichwani.

Sasa nirudi kwenye swali la uzioni. Baridi alipokuwa ndiyo kwanza amefika miaka miwili, alikuja mfanyabiashara kutoka Mbeya. Alitaka nimpeleke Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, akimbizwe shoti mbele ya watu, apigwe picha. Hela aliyoitaja ingenunua chokaa ya maisha. Nilikataa, na baba mdogo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza, alinisubiri mgeni aondoke.

"Hela imekufuata hadi mlangoni, wewe unaongelea magoti."

"Baba mdogo, goti likifa tutamuuza kwa nani?"

"Ng'ombe anafungwa nira na miaka hiyo hiyo."

"Ng'ombe hakimbii."

Hakuridhika, na sikutegemea aridhike. Ng'ombe anawajua kuliko mimi. Lakini mfupa una ratiba yake. Ule mfupa mrefu ulio juu ya goti la mbele bado unakua kwenye ncha yake ya chini hadi mnyama anapokaribia miaka miwili na nusu, na uti wa mgongo unaendelea hadi anapopita miaka mitano. Kweli, Uingereza na Marekani farasi wa miaka 2 wanashindanishwa, na wapo wanaomaliza salama. Wale wana madaktari na mashine za picha. Kule Nairobi nikiwa saisi nimeshika kwa mikono yangu miguu ya wale waliopata maumivu ya mfupa wa mbele chini ya goti: unapitisha kidole, pana joto, mnyama anavuta mguu.

Lakini simkawizi kwa kumwacha tu malishoni hadi awe mtu mzima, kama wanavyoshauri wengine. Mfupa hujijenga kufuatana na kazi unayopewa. Anayetembea tu atakuwa na mfupa wa kutembea, na siku atakapopiga shoti mfupa huo utashindwa. Kwa hiyo mwaka huu, magoti yakiwa yametulia, Baridi amepewa shoti fupi: kutoka mti uliokatwa hadi kibao cha kitalu, kama mita 200, mara moja kwa wiki, kisha mbili. Nikirudi nyumbani napapasa miguu yote minne kwa kiganja kabla sijanywa chai. Miguu ikiwa baridi, nakunywa kwa raha.

Jua linapokaribia kuzama wote wawili wako ndani. Wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na hatari inazidi mwishoni mwa masika. Punda wa kijijini wanaweza kubeba virusi hivyo bila hata kukohoa. Chanjo inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, na kuifikisha hapa ikiwa na ubaridi wake kuna gharama na kuna bahati. Chandarua cha matundu madogo mlangoni na samadi kavu inayofuka moshi upande wa upepo ni vitu ninavyoweza kuvipata kila jioni.

Mgolole tunamhasi msimu wa baridi, nzi wakiwa wachache. Daktari wa mifugo amekubali, sharti lake tumfundishe kwanza kusimama akiguswa nyuma, kazi ambayo mpwa wangu ameiomba mwenyewe na sijui kama anajua alichoomba. Kwato nachonga mwenyewe, kila baada ya wiki sita hivi, na ndiyo maana naandika kwa haraka kabla chaji haijaisha: kama kuna mtu Makambako, Njombe au Iringa mjini ameona tupa ya kwato inauzwa, hata iliyotumika, mradi ina meno, aniambie. Niliyo nayo sasa inapapasa tu.