Nilivyorudi Malawi kufufua pampu baada ya Kimbunga Freddy

Nianze na hili maana bado linanikera: ukisikia nchi uliyowahi kuishi imepatwa na maafa, usikimbilie kukusanya nguo. Nilipowaambia watu hapa Mbeya kwamba nataka kurudi Malawi, kila mmoja alikuwa na furushi la kunipa. Masweta, suti, viatu vya kisigino kirefu. Niliyakataa yote. Wapo walionuna, na hadi leo sijajuta.

Malawi nimeishi miaka kadhaa nikifunga pampu za mkono kwa mkandarasi wa visima mjini Blantyre. Nilipanga Chilobwe, chini ya mlima Soche, kwa mama mmoja aliyenichukua kama mwanawe. Malaria iliponilaza, uji nilipikiwa na yeye. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 2023 matope na mawe ya mlima ule yakashuka juu ya nyumba za watu. Freddy kilikuwa kimezurura Bahari ya Hindi zaidi ya wiki tano, kikaipiga Msumbiji mara mbili, kisha kikaja kumalizikia kusini mwa Malawi kwa mvua isiyokatika. Waliothibitishwa kufa Malawi walipita 600, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Umeme ulikatika, simu ya mama haikupatikana, nami nikawa silali.

Alipopatikana alikuwa kambini, kwenye darasa la shule ya msingi. Nikamuuliza, "Mama, nilete nini?"

"Nguo tumepewa, mwanangu. Lakini kwetu Phalombe watu wanakunywa maji ya mtoni, pampu zimefukiwa. Wewe si fundi?"

Hapo nikajua cha kufanya. Kumbuka nchi ile ilikuwa tayari na kipindupindu tangu mwaka uliotangulia, mlipuko ulioua zaidi ya watu 1,700. Kisima kilichoingiwa na mafuriko katika hali hiyo ni hatari juu ya hatari.

Nikashauriwa nijiunge na shirika kubwa ndilo linipeleke. Nilijaza fomu zao, ndefu kwelikweli, wakanijibu kwamba wanataka wenye shahada. Kufungua pampu ya mkono ya Afridev hakuhitaji shahada! Pampu ile ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Nikampigia fundi niliyefanya naye kazi zamani, sasa ni fundi wa eneo, yaani anayehudumia pampu za vijiji, huko Phalombe. Akaenda ofisi ya maji ya wilaya, akanielezea, ikatoka barua ya ukurasa mmoja kwamba nitafanya kazi chini yake. Karatasi hiyo ilinifungulia milango kuliko fomu zote. Kwa hiyo mtafute mwenyeji anayeijua kazi, ukawe msaidizi wake.

Wenzangu kazini walichanga laki kadhaa. Vipuri sikubeba kutoka Tanzania. Sili, bushi na oring'i za Afridev zinauzwa Limbe, palepale Blantyre, na mwenye duka wa kule naye alikuwa anahitaji biashara. Niliondoka baada ya Idi, nikavuka mpaka wa Kasumulu, basi likapita Karonga, Mzuzu na Lilongwe hadi Blantyre. Nilimwona mama kwanza, tukalia, halafu nikaenda Phalombe.

Pale chini ya mlima Mulanje mahindi yaliyokuwa yamekaribia kuvunwa yalikuwa yamelala chini ya mchanga. Wazee walisema ni Napolo, yule nyoka wa chini ya mlima, amepita tena kama alivyopita mwaka 1991, mafuriko yalipoua mamia ya watu palepale.

Kisima cha kwanza kilitutoa jasho. Kichwa cha pampu tulikifungua, rodi, vile vyuma virefu vya ndani, zikatoka vizuri na pistoni yake. Iliyobaki ni valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, nayo huvuliwa kwa ndoano. Tukashusha ndoano, ikagonga kitu kigumu ikarudi mtupu. Tena, na tena. Mchanga ulikuwa umejaa ndani ya bomba na kuifunika valvu. Fundi mmoja aliyekuwa akitazama akasema tukate bomba zima tulivute nje. Nilikataa kabisa, bomba lile limegundishwa kwa gundi kipande kwa kipande, ukilikata umejitengenezea gharama ambayo kijiji hakina.

Nikaomba mpira mweusi wa maji, ule mwembamba wa umwagiliaji, mrefu kupita kina cha kisima. Tukajaza bomba la pampu maji kwa ndoo hadi juu, tukashusha mpira ndani mpaka ukagusa mchanga. Sasa kazi ni ya kiganja. Ukiupandisha mpira unaziba mdomo wake kwa kiganja, ukiushusha ghafla unaachia. Panda, ziba, shuka, achia. Mwanzoni hakuna kitu. Mikono ikaanza kuwaka, mara mdomo wa mpira ukatema maji meusi, mazito, mchanga ukinikwaruza kiganjani. Watoto wakapiga kelele! Kina mama wa kamati ya maji wakapokezana nasi, wakawa wanamwaga ndoo bila kupumzika ili bomba lisipungukiwe. Jua lilipoelekea kuzama tulishusha ndoano, ikanasa. Valvu ikapanda.

Mengine ni ya kawaida: sili mpya, kupampu mpaka maji yang'ae, kutia klorini, kuacha ilale usiku kucha, kisha kupampu tena hadi harufu iishe. Msiruhusu mtu achote kabla ya hapo, hata akiwabembeleza. Na jukwaa la saruji linalozunguka pampu likiwa na ufa, zibeni kwanza, vinginevyo uchafu unarudi na mvua inayofuata.

Tulifufua visima vingi, na mwishoni nilikuwa nakaa pembeni, kina mama wenyewe wanashika spana. Nilipoondoka nilimwachia fundi mpira ule, spana na ndoano. Siku hizi anatumiwa na vijiji vya jirani, na sili zikiisha ananipigia, nami naongea na duka la Limbe. Bei ya sili hizo haifiki hata ya ile suti niliyoikataa.