Saba ya Masijala

Jalada la kwanza nililolifungua siku ile lilinuka panya. Godauni lilikuwa Vingunguti, paa la bati, feni moja, rafu za chuma hadi juu. Nilikuwa nimetoka Posta asubuhi nikiwa na kompyuta mpakato na orodha ya majalada 40. Ilikuwa Machi 2021, lile joto la Dar es Salaam linalotangulia masika.

Nilitumwa kutafuta ushahidi. Kampuni ya bima tuliyokuwa tukiitengenezea programu ya akili bandia ilikuwa katika wiki ya majaribio, na programu yetu ilikuwa imeliwekea dai moja alama nyekundu. Fuso lililobeba korosho lilipinduka Januari kati ya Tunduru na Mangaka. Lilikuwa na bima kubwa. Taarifa ya ajali ilifika tawini siku 23 baadaye. Mashine ikasema uwezekano wa udanganyifu ni asilimia 91. Meneja wa madai alifurahi, bosi wangu akafurahi, na mimi nikafurahi kuliko wao, maana miezi minane ya maisha yangu ilikuwa ndani ya namba ile. Nikaambiwa niende masijala nikatoe majalada ya zamani yanayofanana na hilo, yale yaliyothibitika kuwa ya uongo, tukawaonyeshe wakurugenzi.

Mashine ya namna hii haijui mwongo ni nani mpaka ionyeshwe. Tuliipa madai ya magari ya miaka tisa. Kila dai lilikuwa na msimbo wa kufungwa: 1 limelipwa, 2 limelipwa sehemu, na kuendelea. Kwenye karatasi tuliyopewa, mbele ya 7 paliandikwa "limekataliwa, shaka". Tukaichukua 7 kuwa ndio udanganyifu, tukaendelea na kazi. Tulikuwa wahandisi watano, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani uliokuwa ukiiandika saba hiyo.

Mkono wenyewe ulikuwa pale masijala, wa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, kanga begani, miwani imefungwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Majalada yote haya ya nini?"

Nikamweleza kwamba natafuta ya wadanganyifu, yale ya saba. Akavua miwani.

"Saba ni ya wadanganyifu? Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma taratibu, akanirudishia.

"Saba ni kufunga, mwanangu. Desemba wakaguzi wanakuja, hawataki kuona jalada lililoachwa wazi. Mteja hajaleta ripoti ya polisi, saba. Kafariki, warithi hawajaleta barua ya mahakama, saba. Dai limeandikwa mara mbili, saba. Kachoka kufuatilia, saba. Wezi nao wamo, sisemi hawamo. Lakini wote nimewafunga mimi kwa saba hiyo hiyo."

Nilikaa juu ya boksi nikayasoma yote 40, na mama akisoma pamoja nami, maana mengi aliyakumbuka. Sikula mchana. Yenye ushahidi wa uongo yalikuwa manne. Moja lilikuwa na picha ya bampa lile lile iliyotumika kwa magari mawili tofauti, na hilo mama alilipiga konzi kwa hasira kana kwamba pesa zilikuwa zake. Yaliyobaki yalikuwa barua. Mtu wa Newala aliandika mara nne kwa kalamu ya bluu, kila mara akiuliza mchoro wa ajali unapatikana wapi, na kila mara akijibiwa aulete. Mjane wa Mpanda alibandika cheti cha kifo, halafu kimya. Mwingine aliandika kwamba nauli ya kuja Dar es Salaam imeshafika nusu ya fidia anayodai, kwa hiyo anawaachia Mungu na kampuni.

Nikaanza kuelewa. Tulipoipima programu, sifa mbili ndizo zilizokuwa na uzito mkubwa: siku kati ya ajali na taarifa, na mkoa. Sisi tulizitafsiri kwamba waongo huchelewa. Anayeishi mbali hupata tabu kukamilisha karatasi, jalada lake linakaa wazi, Desemba linafungwa kwa saba. Kumbe miezi minane tulikuwa tunaifundisha mashine umbali.

Na ule usahihi wa asilimia 96 tuliojivunia nao ukaniporomokea pale juu ya boksi. Chukua madai 1,000, ya uongo yawe 30. Mtu akikaa tu na kusema wote ni wakweli, bila kufungua jalada hata moja, amepatia 970. Tulikuwa tumeshindwa na mtu aliyelala.

Nilikumbuka bima ya mifugo ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, iliyoanza 2010. Ile hupima ukijani wa malisho kwa satelaiti, haimhesabu ng'ombe wa mtu. Lakini walioibuni wamekuwa wakisema wazi kwamba picha inaweza kuonyesha nafuu huku mifugo ya fulani ikifa, na hilo pengo wanalichunguza. Sisi tulikuwa na pengo la aina hiyo hiyo tukalipaka jina la udanganyifu, na jina hilo likamwangukia binadamu.

Nikatoka mlangoni nikampigia mwenye Fuso. Nilijitambulisha, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini siku 23.

"Nilikuwa Ndanda hospitali namuuguza utingo," alisema. "Alivunjika nyonga. Mwanangu, gari ni chuma. Yule ni mtoto wa dada yangu."

Nikamuuliza kama anazo karatasi za hospitali. Akasema anazo zote, hakuna aliyemwomba.

Kikao cha kesho yake kilikuwa kigumu. Niliomba alama nyekundu zote ziondolewe na majaribio yasimame. Bosi wangu aliniuliza kama najua mkataba una thamani gani, na nilijua. Kilichotuokoa ni yale majalada 40 niliyoyabeba na kuyapanga mezani. Meneja wa madai alisoma barua tatu za yule wa Newala, ya nne akaisukuma mbele ya mkurugenzi wake. Tukapewa miezi mitatu. Mama akahamishiwa Posta, akakaa kiti cha pembeni yangu, tukaigawa saba upya, jalada kwa jalada, katika sababu kumi na moja. Alama nyekundu tukaifuta kabisa. Mahali pake ikawa foleni ya madai ambayo mkadiriaji hasara anakwenda kuyatazama mwenyewe. Mwaka uliofuata Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayompa mtu haki ya kutaka uamuzi mzito unaomgusa usitegemee mashine peke yake, niliisoma ile sehemu nikiwa namwona yule mzee mwenye Fuso.

Dai lake lililipwa Juni. Mama aliniita nione akilifunga. Alifungua jalada, akaivaa miwani, akaandika 1 kubwa kwa wino mweusi, kisha akaupuliza ukauke kabla ya kufunika.