Kati ya "oversee" na "overlook"

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Moshi kwa likizo ya majuma matatu, na jioni ya pili mtoto wa dada yangu aliniletea barua yake ya kuomba kazi katika kampuni moja ya utalii ya Arusha. "Shikamoo, mama mdogo," alisema. "Naomba unipitishie macho kwenye Kiingereza kabla sijaituma." Barua ilikuwa safi, imeandikwa na mtu anayejua anachokitaka. Katika aya ya pili alieleza misimu miwili aliyofanya kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Kibosho, akiwasimamia watu 12 waliokuwa wakigeuza na kuchambua kahawa juu ya vichanja vya kukaushia. Ila mahali pa "nilisimamia" alikuwa ameandika "overlooked", na kwa neno hilo mwajiri angeelewa kwamba kijana alikuwa na watu 12 chini yake wala hakuwatazama.

Neno hilo nalijua kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa pili Uingereza nilikuwa nafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na Bradford. Alfajiri moja niliandika katika daftari la makabidhiano ya zamu kwamba nili-"overlook" dawa za saa nne usiku za bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Nilikusudia kusema kwamba nilisimama kando ya kitanda chake mpaka akazimeza zote. Kabla sijavaa koti la kurudi nyumbani niliitwa ofisini, vidonge vikahesabiwa kimoja kimoja, karatasi ya kumbukumbu za dawa ikakaguliwa mstari kwa mstari, na ingawa hesabu ilitoka sawa, kwa siku mbili sikuruhusiwa kushika dawa ya mtu yeyote. Niliumia sana, kwa sababu usiku ule nilikuwa makini kuliko usiku mwingine wowote.

Maneno yote mawili, "oversee" la kusimamia na "overlook" la kupitiwa, yamejengwa kwa namna moja: mbele lipo "over", yaani juu ya kitu, kisha linafuata tendo la macho, "see" katika moja na "look" katika jingine. Hakuna kanuni ya sarufi itakayokwambia ni lipi linalosimamia na ni lipi linaloacha, na mwanafunzi hana budi kuyabeba yalivyo. Mimi huyakumbuka kwa kulifuatilia jicho lenyewe. Katika "oversee" jicho liko juu na linabaki juu ya kazi. Katika "overlook" jicho linapita juu ya kitu na kwenda zake. Likipita kwa bahati mbaya, sisi tunasema mtu amepitiwa. Likipita kwa makusudi, tunasema amefumba macho. Waumini wenzangu wanaweza kuyaona yote mawili katika kitabu kimoja cha Matendo ya Mitume. Katika 20:28 wazee wa kanisa wa Efeso wanaambiwa wamewekwa kuwa waangalizi wa kundi, na tafsiri za Kiingereza zinaandika "overseers". Katika 17:30 Mungu alijifanya kama hazioni nyakati za ujinga, na tafsiri nyingi za siku hizi zinaandika "overlooked". Neno la Kiyunani lililozaa "waangalizi" wale ndilo lililotupatia pia "askofu", cheo ambacho hapa Moshi hakuna asiyekijua.

Kuna matumizi mengine ya "overlook" ambayo yanamchanganya mgeni zaidi. Nyumba iliyo juu ya kilima ina-"overlook" bonde, yaani imeelekea bonde na inaliona lote. Huko Uingereza jirani anaweza hata kupeleka pingamizi kwenye halmashauri kwa sababu dirisha jipya la ghorofani lita-"overlook" bustani yake, na hapo lawama ni kwamba jicho litaona kupita kiasi.

Kiswahili kimeshika njia nyingine, na kadiri ninavyokaa mbali ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Msimamizi wetu tumempa jina kutokana na miguu: anasimama, na anasimama kwa ajili ya jambo fulani. Anayesahau naye tunamweka katika hali ya kutendwa, amepitiwa, kama vile mtu anavyopitiwa na usingizi, na jambo ndilo lililompita. Kiingereza humfanya mtu mwenyewe kuwa mtenda: yeye ndiye aliye-"overlook". Nadhani ndiyo maana asubuhi ile ofisini sentensi yangu ilisomeka kama kukiri kosa, ilhali mimi niliiandika kama taarifa ya kazi iliyofanyika.

Aliyenifariji ni yule bibi wa dawa. Nilipomsimulia, aliniambia kwamba baba yake alikuwa "overlooker" katika kiwanda cha sufu cha Bradford, yaani msimamizi wa mashine na wafanyakazi wake, na kwamba utotoni mwake cheo hicho kilikuwa cha heshima. Kumbe maana niliyoikusudia ilikuwepo kweli, katika mji ule ule, ikatoweka pamoja na viwanda. Nilitamani angekuwepo ofisini siku ile.

Kijana alisikiliza yote haya kwa utulivu, kisha akachukua kalamu na kuandika "supervised", neno la asili ya Kilatini lenye maana ile ile ya kuona kutoka juu, ambalo halina pacha wa kulichafua. Halafu akanionyesha tangazo lenyewe la kazi. Lilitaka mtu wa kutoa "oversight" kwa madereva na wapagazi, naye alikuwa amesoma katika kamusi yake kwamba neno hilo ni kosa la kutokuona jambo. Nilimweleza kwamba nomino hiyo moja hubeba maana zote mbili, uangalizi na kupitiwa, na kwamba ni maneno yanayoizunguka ndiyo yanayoamua: mtu akiombwa kuitoa, ni uangalizi; akiomba radhi kwa ajili yake, amepitiwa. Akalisoma tangazo upya kwa sauti, akaikunja barua, akaniuliza ofisi ya posta inafunguliwa saa ngapi.