Saa 72 baada ya data za wateja kuvuja: nani aseme nini, na lini

Kampuni ya mawakili ikidukuliwa, ugomvi wa kwanza huzuka ndani ya ofisi yenyewe. Wakili anataka kimya, maana kila neno la leo linaweza kusomwa mahakamani mwaka ujao. Msemaji anataka taarifa itoke sasa hivi, maana kwenye makundi ya WhatsApp habari imeshafika. Wote wana hoja, lakini wakivutana hadi jioni mteja ataisikia habari kwa mtu mwingine. Waketi meza moja, waandike ukurasa mmoja ambao wote wanaukubali, na lolote litakalotoka nje litokane na ukurasa huo.

Ukurasa una safu tatu: tunayoyajua, tusiyoyajua bado, na tunayoyafanya. Kila mstari uwe na saa na jina la aliyethibitisha: "Seva ya nyaraka imetenganishwa na mtandao, saa 2:55 asubuhi, fundi wa mifumo." Mstari usio na jina hauingii kwenye taarifa, hata kama aliyeusema kikaoni ni mshirika mkuu mwenyewe. Hapa ndipo taasisi nyingi huharibu. Saa chache tu baada ya tukio, mtu anatangaza kwamba "hakuna data ya mteja iliyoguswa", ilhali hakuna aliyefungua kumbukumbu za mfumo. Siku ya nne wachunguzi wanakuta faili zilinakiliwa. Taarifa ya pili haina wa kuiamini, na wakili wa mlalamikaji anaiambatisha ile ya kwanza kwenye hati ya kiapo.

Kwa Kenya, muda umewekwa na sheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua, pale penye hatari ya kweli kwamba mtu ambaye data inamhusu atadhurika. Anayechakata data kwa niaba yako, kama kampuni inayokuhifadhia nyaraka, ana saa 48 za kukuarifu wewe. Ukigundua Ijumaa saa 11 jioni, panga kazi ukijua mwisho ni Jumatatu saa 11 jioni. Ndiyo maana dakika ya kugundua iandikwe mara moja. Ukichelewa, utatakiwa kueleza sababu. Na huna haja ya kusubiri ujue yote, kwa kuwa sheria inaruhusu maelezo kupelekwa kwa awamu. Wanaong'ang'ania ripoti kamili kwanza ndio wanaopitwa na muda.

Taarifa ya awali kwa wateja inatosha kuwa hivi:

"Leo Jumamosi saa 2:40 asubuhi tuligundua kwamba mtu asiyeruhusiwa ameingia kwenye mfumo wetu wa nyaraka. Tumeutenga mfumo huo. Bado hatujathibitisha ni nyaraka zipi zilizofikiwa. Wateja wenye kesi wiki hii watapigiwa simu na mawakili wao leo kabla ya saa 12 jioni. Tunawapa pole kwa usumbufu huu. Taarifa inayofuata itatoka kesho saa 4 asubuhi, hata kama hatutakuwa na jipya."

Ahadi ya saa ndiyo inayowatuliza watu, mradi itimizwe. Sentensi za aina ya "tunachukulia usalama kwa uzito mkubwa" zifutwe, kwa sababu hazimsaidii mteja kuamua lolote. Pole inaruhusiwa. Kukiri kosa kusubiri mazungumzo na kampuni ya bima, kwani mikataba mingi ya bima ya dhima ya kitaaluma inakataza kukiri bila idhini ya kampuni hiyo.

Kuna onyo moja linalosahaulika, nalo lina pesa ndani. Wadukuzi wakisoma barua pepe za ofisi inayoshughulikia ununuzi wa ardhi, wanajua lini mnunuzi atalipa ile asilimia 10 ya awali, na wanamtumia akaunti mpya ya benki kwa jina la wakili wake. Wateja wa aina hiyo wapigiwe simu kwanza, kabla hata ya wenye kesi, na waambiwe wasilipe kwenye akaunti yoyote iliyobadilishwa kwa barua pepe mpaka wathibitishe kwa namba ya simu waliyokuwa nayo tangu zamani.

Sasa ripoti ya uchunguzi. Mawakili hudhani inalindwa na usiri wa wakili na mteja kwa sababu tu wakili ndiye aliyeiagiza. Benki ya Capital One ya Marekani ilidhani hivyo baada ya data za watu karibu milioni 100 nchini humo kufikiwa mwaka 2019. Mei 2020 mahakama ya shirikisho huko Virginia iliamuru ripoti ya Mandiant, kampuni iliyochunguza udukuzi huo, ikabidhiwe kwa walalamikaji. Mandiant ilikuwa na mkataba na benki hiyo wa kazi ileile tangu kabla ya tukio, na ripoti ilikuwa imesambazwa kwa wafanyakazi takriban 50, mamlaka 4 za udhibiti na kampuni ya uhasibu. Uamuzi huo hauzibani mahakama zetu, lakini jaji yeyote anaweza kuuliza maswali hayohayo. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinalinda mawasiliano ya wakili na mteja wake. Hakifuniki kila karatasi yenye nembo ya wakili. Kwa hiyo mkataba wa mchunguzi uwe mpya, kupitia wakili wa nje, ulipwe kutoka bajeti ya sheria. Ziandikwe hati mbili: moja ya ufundi kwa wanaorekebisha mifumo, nyingine ya ushauri wa kisheria kwa watu wachache wanaoorodheshwa kwa majina. Wakala wa mahusiano ya umma apewe ule ukurasa wa safu tatu pekee.

Kompyuta iliyoathirika itolewe kwenye mtandao, waya na waifai, na isiguswe tena hadi mchunguzi aseme. Anayeifuta na kuweka programu upya ili kazi iendelee anafuta ushahidi wa nini kilichukuliwa.

Mwisho, orodha ya simu iwe ya karatasi. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliipata kampuni ya mawakili ya DLA Piper, na barua pepe zikazimika pamoja na simu za ofisi. Orodha iliyomo kwenye seva haifai kitu siku kama hiyo. Chapisha namba za washirika, fundi wa mifumo, wakili wa nje, kampuni ya bima na wateja wakubwa, pamoja na sentensi mbili za kusomwa na mtu wa mapokezi mwandishi wa habari akipiga simu. Ibadilishwe kila mara mtu anapobadili namba au kuacha kazi. Nakala moja ikae nyumbani kwa mshirika mkuu, nyingine kwa karani anayeshika funguo za ofisi.