Mstari mwekundu

Oktoba 2016 mwanangu alirudi Bukavu kutoka kwa babu yake Kamituga, na usiku huohuo mwili ukawa moto. Kulipopambazuka nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya kule Kadutu, mvua ikitunyeshea njia nzima.

Kijana wa maabara alimchoma kidole, akachukua tone la damu, akalitia kwenye kitundu cha kipimo cha plastiki, kisha akadondoshea maji ya dawa. "Tungoje dakika 15, mama." Sikubandua macho. Wekundu ulitambaa kwenye karatasi kama chai inavyopanda kwenye mkate. Mstari mmoja ukatokea. Halafu wa pili, hafifu kwanza, ukazidi kukolea. Malaria.

"Huo wekundu unaouona, mama, ni zahabu," akasema.

Nilidhani ananituliza tu. Baba yangu amechimba tangu sijazaliwa; zahabu naijua, ile manjano inayobaki chini ya karai mchanga ukishakwenda na maji. Lakini kijana alinieleza kwa subira. Zahabu ikiwa punje za makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), haing'ari manjano tena. Inameza mwanga wa kijani, nasi tunaona nyekundu. Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo Uingereza, akaandika habari zake mwaka 1857. Kwenye kipimo, kila punje imevishwa kingamwili (aina ya protini ya kinga ya mwili) inayoshika protini ya kijidudu cha malaria. Zikifika kwenye mstari, kingamwili nyingine zilizogandishwa pale huinasa protini hiyo, na zahabu hurundikana hadi jicho linaona. Damu isipokuwa na protini, zahabu hupita mstari huo bila kusimama. Akaongeza kwamba kuna watafiti wanaojaribu kupeleka punje kama hizo ndani ya uvimbe wa saratani na kuzipasha moto kwa mwanga, ziunguze uvimbe wenyewe.

Nilitokwa na machozi. Kwetu zahabu imezika watu wengi mashimoni, majirani zetu wakiwemo, na leo ilikuwa inamtafuta adui ndani ya damu ya mtoto wangu.

Jioni nikampigia baba.

"Zahabu? Ndani ya damu ya mtoto?"

"Kwenye kipimo, papa. Ndiyo imeonyesha malaria."

Akanyamaza kidogo.

"Dawa amekunywa?"

"Amekunywa ya kwanza."

"Basi mpe na uji."