Ubuyu Kwenye Chupa ya Vouvray

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, duka la mvinyo ninalofanyia kazi hapa Bristol, Uingereza, limejaa watu na mvua inanyesha, mzee mmoja aliinama mbele ya rafu ya Ufaransa akasoma kikadi changu. Akakisoma tena. Akanigeukia: "Hiki kimeandikwa na nani?" Nikamwambia ni mimi. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye beji yenye jina langu, akasema, kwa upole kabisa, ule upole wa huku unaokata kuliko kisu: kuna mtu mwingine hapa anayeufahamu mvinyo wa Ulaya?

Kisha akamwendea kijana wetu wa wikendi. Mwanafunzi, miaka 19, wiki ya tatu kazini, hajui bado tofauti ya Loire na Rhône, mabonde mawili ya mvinyo ya Ufaransa. Kijana wa watu akawa mwekundu, akasema, "Mzee, mimi ndiye ninayefundishwa na huyu dada." Yule bwana akacheka kidogo, akachukua chupa aliyoizoea, ya Bordeaux, huko huko Ufaransa, akalipa, akaondoka.

Nimelala na jambo hili siku tano sasa. Naomba mnisikilize.

Kwanza niwaeleze hivyo vikadi. Kila msimu wa baridi meneja wetu huwaambia wafanyakazi wote sita tuchague kila mmoja mvinyo mmoja wa Ulaya anaoupenda kwa moyo, usiozidi pauni 20, na tuandike kwa maneno yetu wenyewe kwa nini. Kikadi kinabandikwa chini ya chupa na jina la mwandishi. Wateja wanavipenda mno, hapa Bristol watu wamekuwa wakinunua mvinyo wa bandarini kwa mamia ya miaka, na bado wanataka mtu awaambie "mimi hunywa huu." Mwenzangu Mreno amechagua mwekundu wa Dão, kwao bara, kwenye mawe ya matale. Dada mmoja wa Leeds amechagua Morgon ya Beaujolais, mwekundu wa Ufaransa, na ameandika kwamba uwekwe kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa, ushauri ambao wateja hushangaa kwa sababu wamelelewa wakijua mwekundu haupoozwi. Yule kijana kachagua Riesling ya Mosel, mweupe wa Ujerumani, yenye kilevi cha asilimia 8 tu. Meneja mwenyewe kila mwaka ni manzanilla ya Sanlúcar de Barrameda, Hispania, ule mweupe mkavu kabisa, yaani usio na utamu, unaokaa ndani ya pipa chini ya utando wa hamira, na ladha yake ya chumvi utadhani umelamba upepo wa Forodhani.

Mimi nilichagua Vouvray, mvinyo mweupe wa Ufaransa, ule wa nusu tamu. Na nikaandika kwamba uchachu wake ni wa ubuyu.

Hilo ndilo lililomkera yule bwana. Ubuyu unafanya nini kwenye chupa ya Ufaransa?

Sasa ngoja nieleze, kwa sababu pale dukani sikupata nafasi. Vouvray iko karibu na mji wa Tours, kwenye mto Loire, na mvinyo wake unatokana na zabibu iitwayo Chenin Blanc. Wakulima wa pale wamechimba maghala yao ndani ya miamba ya chokaa laini, na chupa hulala humo gizani, kwenye ubaridi usiobadilika, zikaweza kufika miaka hamsini zikiwa hai. Chenin Blanc ina uchachu mkali ambao hauondoki hata zabibu ikiiva mpaka ikajaa sukari. Ndiyo maana Vouvray ya nusu tamu haikuachi na mdomo wa soda. Utamu unapita, uchachu unakuja nyuma yake unafagia. Kila aliyewahi kumumunya ubuyu, ule mweupe wenyewe kabla haujapakwa rangi na sukari, anaijua hali hiyo kwenye pembe za taya.

Na Chenin Blanc naifahamu tangu sijaanza shule. Iko Dodoma. Baba yangu alikuwa na eka mbili upande wa Hombolo, sehemu kubwa ikiwa ile nyekundu ya Makutupora, na mistari michache ya Chenin pembeni. Nimefunga mizabibu kwenye nyaya nikiwa na miaka minane. Nimefukuza ndege. Nimebeba makreti mpaka barabarani kabla jua halijapanda, kwa sababu zabibu iliyoshinda juani inaanza kuchacha kabla gari halijafika. Kwetu mzabibu hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo ukishavuna unaupumzisha kidogo, unaupogoa, na unazaa tena: mavuno mawili kwa mwaka. Nilipomwambia hivyo mwakilishi mmoja wa mashamba ya Loire aliyekuja kutuonjesha bidhaa zake, aliacha kumimina. Kwao ni mara moja tu, Septemba hadi Oktoba, na mwaka wa baridi mbaya hata hiyo moja ina mashaka. Akataka kujua tunapataje uchachu kwenye joto lile. Nikamweleza kwamba Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni unajifunika blanketi. Aliandika kwenye daftari lake. Mzungu wa Loire aliandika nilichosema kuhusu Chenin Blanc, halafu bwana wa mtaa wa pili anaulizia mtu anayefahamu!

Nilisomea, jamani. Sikuokotwa. Nilichukua kozi ya WSET, taasisi ya London iliyoanzishwa mwaka 1969 ambayo vyeti vyake vinatambulika katika biashara hii dunia nzima. Ngazi ya pili ni maswali 50 kwa saa moja. Ngazi ya tatu wanakuwekea glasi mbili bila kukuambia kilichomo, nawe uandike rangi, harufu, uchachu, kilevi, ubora. Kusoma hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa matunda. Mwalimu anasema Sauvignon Blanc inanukia gusberi, mwekundu wa Bordeaux unanukia karanti nyeusi, Chenin inanukia kwinsi. Wenzangu wanatikisa vichwa, wameyala hayo kwenye bustani za bibi zao. Mimi sijawahi kuyaona. Nilikariri kama dua ya lugha nisiyoijua. Mwisho nilienda sokoni Julai nikanunua gusberi boksi zima, nikala peke yangu kituo cha basi, nikagundua kwamba harufu ile yote niliijua siku nyingi: ni embe bichi na jani lililofikichwa. Nikarudi kwenye vitabu nikaandika pembeni tafsiri yangu. Karanti nyeusi nikaweka zambarau. Ile harufu ya petroli ya Riesling iliyozeeka nikaweka kibatari. Mtihani niliufaulu kwa maneno yao, lakini ulimi uliofanya kazi ulikuwa wa Hombolo.

Mama hakulifurahia jambo hili mwanzoni. Mama ni Mwanglikana wa umoja wa akina mama, pombe haiingii kwake. Siku namwambia nimepata kazi duka la mvinyo alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, umeenda mbali kote huko kuuza pombe?" Nikamwambia, "Mama, ni zabibu zile zile zilizonilipia ada." Akaguna. Sasa hivi huniuliza hali ya wateja kama anavyouliza hali ya mvua.

Na hapa niseme na wadogo zangu mnaonitumia ujumbe "dada nitafutie kazi hapo." Kazi ya duka Uingereza haikupi viza. Mimi nipo kwa ndoa. Tangu Julai 2025 masharti ya kudhaminiwa na mwajiri yamekazwa: kazi nyingi zinazokubaliwa ni za kiwango cha shahada, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka. Duka gani litakulipa hizo kupanga chupa? Mtu akikuambia ana nafasi ya duka la mvinyo, la nguo, la chochote, na anataka milioni tano za kuanzia, huyo ni mwizi, usimpe hata nauli. Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Najua mmeshazidisha kwa shilingi, naziona sura zenu. Sasa toeni kodi ya nyumba, gesi, basi, kodi ya halmashauri, na ile ya nyumbani ya kila mwezi ambayo hatuisemi. Halafu mje tuongee.

Tukiwa kwenye hesabu, hii iliniuma kuliko zote nilipoanza kazi. Chukua chupa ya pauni 6. Pauni 1 ni kodi ya ongezeko la thamani. Kama kilevi ni asilimia 13, ushuru kwa viwango vya Februari 2025 ulikuwa pauni 2.88. Zimebaki pauni 2 na peni 12, za kulipia kioo, kizibo, lebo, usafiri, faida ya duka, na mwisho kabisa, mvinyo wenyewe. Mkulima anapata nini? Sasa chukua ya pauni 12. Kodi ni pauni 2, ushuru ni ule ule 2.88, zinabaki pauni 7 na peni 12. Umelipa mara mbili, kilichobaki kwenye chupa ni zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana nikimwona mtu anataka kununua mbili za sita namwomba anunue moja ya kumi na mbili. Wengine wanadhani natafuta mauzo. Namfikiria mtu wa Vouvray aliyeinama shambani, na namfikiria baba yangu siku gari la mnunuzi lilipochelewa siku mbili na tukaambiwa bei ya kilo imeshuka, tupende tusipende, maana zabibu haingoji.

Nirudi kwenye Jumamosi. Sikumwambia meneja. Ni kijana aliyemwambia. Jumatatu asubuhi niliingia nikiwa nimeamua kukitoa kikadi na kuandika kingine, kwinsi na tofaa na asali kama kitabu kinavyotaka. Nikakuta meneja kaniwahi. Mama huyu ana miaka zaidi ya sitini, si mtu wa maneno, sijawahi kumsikia akimsifu mtu. Kando ya chupa yangu alikuwa ameweka kisahani cheupe chenye unga wa ubuyu. Alipita duka la vyakula vya afya Jumapili akanunua kwa pesa yake, na huku kipakiti kidogo bei yake ni kiroba cha kwetu. Pembeni vijiko vya mbao, na chupa moja imefunguliwa ya kuonjesha. Kikadi changu hakukigusa, ila chini yake aliongeza mstari kwa mwandiko wake: "Lamba kwanza, kisha unywe. Yuko sahihi."

Nilienda stoo nikalia. Sijui kwa nini tunavumilia tusi tukiwa wakavu, halafu wema unatuvunja.

Hadi jana tumeuza makasha matatu ya Vouvray. Mama mmoja wa Kibengali alirudi kuniambia aliunywa na samaki wa nazi na pilipili, nikamwambia hapo umegusa: nusu tamu ndiyo inayoweza kukaa na pilipili bila kugombana. Yule bwana wa Jumamosi hajarudi.

Kuna jambo moja gumu zaidi na nitalisema. Mwaka jana nilileta chupa ya Chenin ya Dodoma, nikaimimina kwa wenzangu bila kuwaonyesha lebo. Mreno alinusa mara moja tu, akaweka glasi chini. "Huu ulikuwa mzuri," akasema. "Umepigwa na joto." Nilikasirika naye nusu saa nzima. Lakini alikuwa na haki, na mimi nilijua, kwa sababu naikumbuka ile chupa ilipokuwa: dirishani, duka la stendi, jua la saa nane linaipiga kifuani, imesimama hapo miezi mingapi Mungu anajua. Jasho lote lile la shambani, halafu tunaliua kwenye dirisha kwa sababu tunataka wapita njia waone lebo! Wenye maduka, nawasihi, wekeni nyuma, wekeni chini, funikeni na gunia.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote atakayekuwa Dodoma kabla ya Machi na ana safari ya huku. Usiichukue dukani. Nenda kiwandani kwenyewe, waombe iliyo ghalani, ya mwaka huu, nyeupe. Ifunge kwenye kanga mbili, iweke katikati ya sanduku, siyo mfuko wa pembeni. Sheria ya hapa inakuruhusu lita 18 za mvinyo, kwa hiyo usiogope forodhani. Nauli ya kuja kuipokea Heathrow naitoa mimi. Meneja ameshaniambia glasi zitakuwa tayari, na Mreno ameahidi kunusa mara mbili.